UZI: Nyundo inayogonga na kuondoka – chimbuko la vinanda vya nyuzi za kugongwa, kutoka klavikodi hadi piano ya Cristofori

Fundi wa Vinanda (mleta uzi)

Wanajukwaa, habari za jioni. Hivi karibuni niliitwa katika kanisa moja kutazama piano ya kusimama, kwa sababu mpigaji wake alilalamika kwamba sauti tatu za katikati zilikuwa zimekufa. Nilipofungua ubao wa mbele sikukuta uzi uliokatika wala nyundo iliyovunjika. Nikabonyeza kibao kimoja polepole na kuitazama nyundo ikisogea mbele, ikaufikia uzi, ikabaki pale pale imeuegemea, kama mtu aliyebisha hodi kisha akasahau kuuondoa mkono mlangoni. Uzi ulikuwa umegongwa, ila haukupewa nafasi ya kutetema. Nondo walikuwa wamekula kitambaa cha sufu kilichobandikwa chini ya skrubu ya kurekebishia, na kwa hiyo kile kijiti kinachoisukuma nyundo hakikuwa tena kinafyatuka kabla ya nyundo kufika mwisho wa safari yake.

Nimeamua kuanzisha uzi huu kwa sababu hitilafu ile ndogo ndiyo iliyowasumbua mafundi wa Ulaya kwa zaidi ya miaka 250. Watu wengi wanaposimulia historia ya piano huanza na swali la nani alikuwa wa kwanza kuweka nyundo ndani ya kinanda. Kwa maoni yangu swali hilo halitufikishi mbali. Kuugonga uzi ni kazi nyepesi, na mtoto mwenye kijiti anaweza kuifanya. Kazi ngumu ni kuuacha uzi mara tu baada ya kuugonga, wakati kidole cha mpigaji bado kimekibonyeza kibao.

Kiswahili chetu kinatulazimu tuwe waangalifu hapa, kwa kuwa neno letu ni moja tu: tunapiga gitaa, tunapiga filimbi, tunapiga ngoma na tunapiga kinanda. Katika uzi huu nitasema *kudonoa* pale ambapo uzi unavutwa kwa ncha na kuachiwa, na *kugonga* pale ambapo kitu kinaushukia. Hapsikodi, kinanda kilichotawala katika majumba ya Ulaya kabla ya piano, hudonoa, tena kwa maana halisi ya neno, kwa sababu ncha zake zilichongwa kutokana na manyoya ya ndege, hasa ya jamii ya kunguru. Ukikibonyeza kibao cha hapsikodi kwa nguvu au kwa upole, unyoya unaufyatua uzi kwa kiasi kilekile, na sauti haipishani kwa kiasi ambacho sikio litakifanyia kazi. Mimi nazungumzia vile vinavyogonga.

Vibao vyenyewe ni vya zamani kuliko nyuzi zilizofungwa navyo. Vilianzia Afrika, katika mji wa Alexandria nchini Misri, ambako katika karne ya 3 kabla ya Kristo mhandisi Ktesibios alitengeneza ogani iliyotumia maji kusawazisha msukumo wa hewa. Ogani iliendelea kuishi Byzantium, na mwaka 757 mfalme Constantine wa Tano alimpelekea Pepin, mfalme wa Wafaranki, ogani moja kama zawadi. Kwa hiyo kwa karne nyingi kibao kilikuwa mlango wa hewa tu. Mwaka 1388 mfalme Juan wa Kwanza wa Aragón aliandika barua akiomba apatiwe chombo alichokieleza kuwa kinafanana na ogani lakini kinalia kwa nyuzi. Wanahistoria bado wanabishana kama chombo hicho kilidonoa au kiligonga, na mimi sitajiingiza katika ubishi huo. Lililo wazi ni kwamba wakati huo mtu alikwisha kuunganisha kibao na uzi.

Kinanda cha kugonga tunachokifahamu vizuri zaidi kutoka enzi hizo ni klavikodi. Jina lake linatajwa katika shairi la Kijerumani la mwaka 1404, na umbo lake limechongwa kwenye madhabahu ya Minden ya mwaka 1425 hivi. Klavikodi kongwe zaidi yenye tarehe ambayo bado ipo ni ya mwaka 1543, kazi ya Domenico wa Pesaro, nayo imehifadhiwa katika makumbusho ya ala za muziki mjini Leipzig.

Asili ya klavikodi ni monokodi, yaani ubao wenye uzi mmoja na daraja linalosogezwa, ambao Wagiriki waliutumia kupima uwiano wa sauti na ambao katika karne ya 11 Guido wa Arezzo aliutumia kuwafundisha waimbaji. Walimu waliligusisha daraja mahali mbalimbali ili wanafunzi wasikie sauti mbalimbali. Klavikodi ni kana kwamba mtu alijiuliza kwa nini asogeze daraja moja kwa mkono ilhali anaweza kuwa na madaraja mengi, kila moja likiwa limesimama mwishoni mwa kibao chake.

Hivyo ndivyo ilivyo hasa. Kibao ni wenzo wa mbao ulioegemea katikati, kama pembea ya watoto. Kwenye ncha yake ya nyuma kumesimamishwa kibati chembamba cha shaba ya manjano. Ukibonyeza mbele, nyuma kunainuka, na kibati kinaugota uzi na kubaki pale. Upande mmoja wa uzi umefungwa kwa utepe wa sufu unaoufanya ukae kimya, na upande wa pili unatetema kati ya kibati na daraja. Ukiinua kidole, kibati kinashuka, ule utepe unauzima uzi wote, na sauti inakoma.

Ninaomba msomaji atazame jambo hili kwa makini: klavikodi haikulitatua tatizo la nyundo kuondoka, bali ililikwepa kabisa, kwa sababu kile kinachogonga ndicho pia kinachoamua urefu wa uzi unaolia, na kwa hiyo kinatakiwa kisiondoke. Ni ubunifu wa hali ya juu. Gharama yake ni kwamba uzi unagongwa mwishoni kabisa mwa sehemu inayotetema, mahali ambapo hautoi nguvu nyingi, na kwa hiyo sauti ya klavikodi ni ndogo kiasi kwamba mazungumzo ya kawaida chumbani yanaweza kuifunika.

Nitaendelea. Mwenye swali aulize.

Mpiga Gitaa wa Tanga

Shikamoo fundi. Nimesoma mara mbili na nadhani nimekuelewa kwa njia ya gitaa, naomba unisahihishe iwapo nimekosea. Sisi wapiga gitaa tuna mtindo wa kuushusha kidole cha mkono wa kushoto kwa nguvu juu ya uzi, bila mkono wa kulia kuugusa. Sauti inatoka, ndogo lakini safi, na inaendelea kulia mradi kidole kimekaa. Nikiinua kidole, uzi unarudi kulia kwa urefu wake wote, na ili nisisikie sauti hiyo ninaweka kitambaa karibu na vigingi vya kukazia. Je, nimetengeneza klavikodi?

Fundi wa Vinanda

Marahaba kijana wangu. Umeieleza vizuri kuliko mimi, na hata kile kitambaa chako ndicho ule utepe wa sufu.

Kwa kuwa umeifikia kwa gitaa, utayaelewa mambo mengine mawili kwa haraka. La kwanza ni kwamba, kama vile uzi mmoja wa gitaa unavyotoa sauti nyingi kulingana na mahali kidole kinapoangukia, mafundi wa klavikodi za mwanzo walipangia jozi moja ya nyuzi vibao viwili, vitatu au hata vinne, kila kimoja kikiugota mahali pake. Waliokoa nyuzi, wakapata kinanda chepesi kinachowekwa mezani. Lakini sauti mbili za jozi moja haziwezi kulia pamoja, kama ambavyo wewe huwezi kupata sauti mbili kwenye uzi mmoja wa gitaa kwa wakati mmoja, na kwa hiyo mafundi walichagua kwa uangalifu sauti za kuunganisha, zile ambazo mtunzi hangezihitaji kwa pamoja. Klavikodi zenye jozi ya nyuzi kwa kila kibao zilikuja kushika kasi kuelekea mwisho wa karne ya 17.

La pili ni kwamba kidole bado kimeshikamana na uzi kupitia mbao na shaba. Ukikikandamiza kibao zaidi, uzi unakazwa kidogo na sauti inapanda. Ukikitikisa kidole, sauti inatikisika. Wajerumani waliuita mtikisiko huo *Bebung*. Hakuna piano hata moja inayoweza kufanya hivyo, kwa sababu kwenye piano nyundo ikishaondoka mpigaji hana la kufanya tena juu ya uzi zaidi ya kuuzima. Carl Philipp Emanuel Bach, katika kitabu chake cha ufundishaji cha mwaka 1753, aliipa klavikodi heshima ya kuwa ndicho kinanda kinachofaa kumpimia mpigaji, na mimi ninakubaliana naye. Kinanda hiki si piano changa isiyokomaa, maana kilikuwa na njia yake na kiliifuata hadi mwisho.

Mwalimu wa Kwaya

Fundi, ahsante kwa somo. Swali langu linahusu pale ulipoanzia. Iwapo nyundo inayobaki inaua sauti, kwa nini fundi asikikate kijiti kiwe kifupi, kisimame kabla ya uzi, na nyundo iimalizie safari kwa kasi yake yenyewe? Mbona hilo halihitaji miaka 250?

Fundi wa Vinanda

Mwalimu, swali lako ndilo kiini cha uzi huu, na jibu la kwanza ni kwamba mtu alifanya hivyo hivyo unavyosema, tena mapema mno.

Mnamo mwaka 1440 hivi, Henri Arnaut wa Zwolle, tabibu na mnajimu aliyetumikia utawala wa Burgundy, aliandika mswada wa Kilatini wenye michoro ya vinanda, ambao leo upo katika maktaba ya taifa ya Ufaransa mjini Paris. Miongoni mwa michoro hiyo kuna kinanda alichokiita *dulce melos*. Kina jozi 12 za nyuzi, na madaraja yamezigawa katika vipande vitatu kwa uwiano wa 4, 2 na 1, hata kila jozi ikatoa sauti moja katika oktava tatu. Kibao kikibonyezwa kinapanda na kugota kizuizi, na kipande kilichokuwa juu yake kinarushwa kuelekea kwenye uzi, kinaugonga na kuanguka. Hiyo ni nyundo inayoondoka, miaka 260 kabla ya piano.

Sasa tazama udhaifu wake. Kijiti kikisimama mbali na uzi, nyundo inalazimika kuruka umbali mrefu peke yake. Mpigaji akibonyeza kwa upole, nyundo haifiki kabisa, na sauti laini inapotea. Ukikisogeza kijiti karibu na uzi ili upate sauti laini, basi mpigaji akibonyeza kwa nguvu mbao hupinda kidogo, nyundo inaugandamiza uzi au inaugonga mara mbili, na unarudi kwenye ugonjwa wa ile piano ya kanisani. Fundi anabaki kuchagua kati ya hasara mbili. Ili aziepuke zote, anahitaji kijiti kinachoisindikiza nyundo hadi karibu kabisa na uzi, kisha dakika ya mwisho kinateleza pembeni chenyewe kama kijiti cha mtego kinavyofyatuka.

Kifyatuo hicho kilitengenezwa na Bartolomeo Cristofori. Alizaliwa Padua mwaka 1655, na mwaka 1688 Ferdinando de' Medici, mwana wa mtawala wa Toscana, alimwajiri Florence kutunza na kutengeneza vinanda vyake. Orodha ya mali ya vinanda vya Medici ya mwaka 1700 inataja kinanda chake cha "uvumbuzi mpya, kinachotoa sauti laini na sauti kubwa". Kwa Kiitaliano sauti laini ni *piano* na kubwa ni *forte*, na jina tunalotumia leo ni kipande cha maelezo hayo.

Ndani ya kinanda cha Cristofori, kibao kinainua kijiti chenye chemchemi ndogo. Kijiti kinasukuma wenzo wa kati unaoongeza kasi. Wenzo unairusha nyundo. Nyundo inapokaribia uzi, kijiti kinateleza na kuuachia ule wenzo. Nyundo inagonga na kuanguka hata kama kidole hakijatoka. Inapoanguka inadakwa na kikamatio ili isirukeruke na kuugonga uzi tena. Wakati huohuo kizimio chenye kitambaa, kilichokuwa kimeulalia uzi, kimeinuliwa na kibao kilekile, na kitarudi mara kidole kikitoka. Kila sehemu ya hizo ipo ndani ya piano ya leo, ikiwa imebadilishwa umbo tu.

Vichwa vya nyundo zake ndivyo vinavyonigusa zaidi kama fundi. Katika piano zake za mwaka 1722 na 1726 si gogo la mbao, bali ni ukanda wa karatasi uliokunjwa kuwa mviringo na kugundishwa, kisha juu yake kipande cha ngozi laini. Alihitaji kitu chepesi, chenye kunesa, kisichokwaruza uzi, na alikipata kwenye karatasi. Alitumia pia nyuzi nene kuliko za hapsikodi, na kwa kuwa nyuzi nene hukazwa zaidi, aliupanga mwili wa kinanda kwa namna ambayo ubao wa mlio haubebi mzigo wa mkazo huo.

Piano zake tatu bado zipo: ya mwaka 1720 iko New York katika makumbusho ya Metropolitan, ya 1722 iko Roma, na ya 1726 iko Leipzig.

Mpiga Ganuni

Assalaam alaykum wanajukwaa. Mimi napiga ganuni katika kikundi cha taarab hapa Unguja, na nimewahi kumsikia mtu akidai kwamba ganuni ndiyo mama wa piano. Fundi unasemaje?

Fundi wa Vinanda

Waalaykum salaam ndugu yangu. Ganuni ina watoto Ulaya, lakini piano si mmoja wao. Unajua kuliko mimi kwamba wewe unadonoa, kwa zile ncha zilizofungwa kwenye vidole vya shahada. Ala za Ulaya za enzi za kati zilizodonolewa na kuitwa *canon* zimechukua hata jina la ganuni, na ukifikiria ala ya aina hiyo iliyofungwa vibao unafika kwenye hapsikodi.

Piano ina undugu na santuri, na hapa simaanishi sahani ya kuchezeshea muziki ambayo wazee wetu waliiita santuri, bali ile ala ya Iran na Iraki yenye nyuzi zilizolazwa juu ya sanduku na kugongwa kwa vijiti viwili vyepesi. Ulaya walikuwa na ala ya jamii hiyo, na mwanzoni mwa karne ya 18 Mjerumani Pantaleon Hebenstreit aliikuza ikawa kubwa mno, akazunguka nayo kwenye majumba ya wafalme. Mwaka 1705 aliipiga mbele ya Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa, na mfalme akaagiza ala hiyo iitwe pantaleon kwa jina la mpigaji. Wasikilizaji walivutiwa na jinsi ilivyoweza kunong'ona na kunguruma katika wimbo uleule. Mpigaji mwingine Mjerumani, Christoph Gottlieb Schröter, aliposikia ala hiyo alianza kufikiria kinanda cha nyundo, na baadaye akadai kwamba yeye ndiye mvumbuzi. Madai yake yanaanzia mwaka 1717, wakati kinanda cha Cristofori kilikuwa tayari kwenye orodha ya Medici kwa miaka 17, na hata makala yenye mchoro wake ilikuwa imechapishwa na mwandishi wa Italia, Scipione Maffei, mwaka 1711.

Mwalimu wa Kwaya

Basi kama mchoro ulichapishwa mwaka 1711, kwa nini hapsikodi haikuachwa mara moja?

Fundi wa Vinanda

Kwa sababu masikio yalikuwa yamezoea kitu kingine. Maffei mwenyewe aliandika kwamba baadhi ya wanamuziki waliiona sauti ya kinanda kipya kuwa laini mno na iliyofifia. Kilihitaji pia mkono uliojifunza upya. Sonata za kwanza zilizoandikwa mahususi kwa ajili yake, za Lodovico Giustini, zilichapishwa Florence mwaka 1732, baada ya Cristofori kufariki. Malkia María Bárbara wa Hispania, mwanafunzi wa Domenico Scarlatti, alikuwa na piano tano za Florence, na orodha ya mwaka 1758 inaonyesha kwamba mbili kati ya hizo zilikuwa zimegeuzwa kuwa hapsikodi. Ninapoisoma habari hiyo huwa naumia, kwa kuwa ninajua saa ngapi zinakwenda katika kusawazisha nyundo moja.

Ujuzi uliokolewa na Ujerumani. Makala ya Maffei ilitafsiriwa kwa Kijerumani na kuchapishwa mwaka 1725, na Gottfried Silbermann, fundi wa ogani wa Saxony, akatengeneza piano zake. Kwa mujibu wa Agricola, aliyekuwa mwanafunzi wa Johann Sebastian Bach, Bach alipozijaribu za mwanzo aliisifu sauti lakini akasema nyuzi za juu ni dhaifu na vibao ni vizito. Silbermann alikasirika, kisha akarudi kazini kwa miaka kadhaa. Mwaka 1747 Bach alipoitembelea Potsdam alizipiga piano za Silbermann za mfalme Frederick wa Pili, na zilizobaki huko zina mtambo unaofuata ule wa Cristofori karibu sehemu kwa sehemu.

London ilichukua njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1760 Johannes Zumpe aliuza piano ndogo za mstatili zisizo na kifyatuo, yaani zenye suluhisho lile lile ulilopendekeza wewe Mwalimu. Zilikuwa rahisi kutengeneza na zilienea haraka majumbani, ingawa uhuru wa kupiga kwa upole sana ulikuwa mdogo. Kusini mwa Ujerumani, huko Augsburg, Johann Andreas Stein aliifunga nyundo kwenye kibao chenyewe na kuiwekea kifyatuo chake. Mozart alizipiga Oktoba 1777, akamwandikia baba yake kwamba nyundo za Stein huanguka mara tu zinapougonga uzi, kibao kiwe kimeshikiliwa au kimeachiwa. Katika sifa zote ambazo angeweza kuipa piano mpya, yeye aliichagua hiyo.

Mwalimu wa Kwaya

Nimekuelewa vyema, fundi. Sasa nina ombi la karibu na nyumbani: piano ya kwaya yetu nayo ina sauti mbili zilizokufa. Nitajuaje kama ni ugonjwa huo huo?

Fundi wa Vinanda

Fungua ubao wa mbele, uwe na tochi. Bonyeza kibao polepole iwezekanavyo, bila kukitupa, na uitazame nyundo kutoka ubavuni. Inapaswa kuukaribia uzi, na ikiwa imebakiza kama milimita 3, irudi nyuma yenyewe ilhali kidole chako bado kinashuka. Ikienda hadi kuugusa uzi na kubaki pale, basi kifyatuo kimechelewa. Usiipinde nyundo wala kuikwangua. Tafuta skrubu ndogo yenye kibonye cha mbao iliyo mbele ya kijiti, uizungushe robo mzunguko tu, kisha ujaribu tena.

Mwalimu wa Kwaya

Nimerudi kutoka kanisani. Moja ilikuwa kama ulivyosema, na baada ya robo mzunguko imelia. Ya pili nyundo inarudi vizuri lakini uzi bado uko kimya.

Fundi wa Vinanda

Hiyo ya pili tazama kizimio. Huenda hakinyanyuki.